Penye wazee pasiwe pa wazee peke yao

Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Methali hii tumeifundisha darasani miaka nenda miaka rudi, na tumeizoea kiasi kwamba hatuisikilizi tena. Laiti tungeisikiliza, tungetambua kwamba haisemi "penye wazee peke yao". Mzee anayeliokoa neno lisiharibike huliokoa mbele ya wengine, wakubwa kwa wadogo, ambao kesho wataulizwa neno lenyewe lilikuwa lipi. Mzee akizungumza na wazee wenzake tu, neno halitaharibika, la hasha. Litazikwa pamoja naye.

Nayasema haya kutokana na hali ninayoiona katika makanisa ya hapa Mweiga na ya miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya, tangu Nyeri na Karatina hadi Nanyuki na Kerugoya. Makanisa yetu hayajakosa watu. Jumapili asubuhi, barabara itokayo Nyeri kwenda Nyahururu hujaa familia zilizovaa vizuri, Biblia mkononi. Lakini familia hizo zikishaingia katika ua wa kanisa, hugawanyika. Aghalabu huwapo ibada ya mapema kwa Kiingereza na Kiswahili, ambayo ni ya vijana. Ibada ya pili kwa Kigikuyu, ambayo ni ya wazazi na wazee. Na watoto wana chumba chao nyuma ya kanisa. Ibada zikiisha, akina mama huenda kwenye chama chao, akina baba kwenye chao, na vijana kwenye chao. Nyanya, mama na mjukuu waliotoka nyumbani kwa mlango mmoja huweza kumaliza siku nzima kanisani bila ya kuketi kwenye benchi moja.

Mgawanyiko huu haukuletwa na ubaya wa mtu yeyote. Kila chama kilianzishwa kwa sababu njema, na kina kazi zake za kusifika. Isitoshe, kugawanyika kwa umri si jambo geni katika nchi hii. Wanafunzi wa lugha wataona kwamba neno rika la Kiswahili na neno riika la Kigikuyu yanafanana kwa sauti na kwa maana. Waliotahiriwa pamoja walikuwa wa rika moja, nao waliheshimiana, wakasaidiana na kuadhibiana hadi kufa. Makanisa yalipoanzisha vyama vya akina baba, akina mama na vijana, watu walivielewa upesi kwa sababu vilifanana na walichokuwa nacho.

Lakini palikuwa na jambo la pili katika desturi hiyo ya kale. Wazee waliliita ituika. Jomo Kenyatta alilieleza kwa kirefu katika kitabu chake, Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938. Uongozi wa nchi ulikaa mikononi mwa kizazi kimoja kwa muda wa miaka thelathini hadi arobaini hivi, kisha ukakabidhiwa kizazi kilichofuata kwa sherehe kubwa. Vizazi hivyo, Maina na Mwangi, vilipokezana kwa zamu. Wapokeaji walitoa mbuzi na kufundishwa na watangulizi wao. Watangulizi nao waliondoka katika madaraka wakiwa na heshima yao kamili. Ituika ya mwisho kukamilika ilikuwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Iliyofuata ilianzwa katika miaka ya 1920, lakini haikufikishwa mwisho chini ya utawala wa kikoloni.

Hoja yangu, basi, ni hii: makanisa yetu yamerithi rika, lakini yameiacha ituika. Yamejua kuwatenga watu kwa umri, ila hayajaweka njia ya wazi ya kizazi kimoja kukikabidhi kizazi kingine kazi, fedha na kumbukumbu. Sisemi turudi kwenye mbuzi na pombe ya miwa. Ituika yenyewe ilikuwa na kasoro, mojawapo ikiwa kwamba mamlaka yaliyokabidhiwa yalikuwa ya wanaume. Ninachosema ni kwamba jamii inayogawanya watu wake kwa rika bila ya kuwapokezanisha hujenga vyumba visivyo na milango.

Kinachosahaulika mara kwa mara ni kwamba kanisa la mlimani lilianzishwa na vijana. Wamisionari wa Consolata walifika Tuthu, Murang'a, mwaka 1902, na baadaye wakajenga kituo chao kikuu Nyeri. Misheni ya Kanisa la Uskoti ilifungua Tumutumu, karibu na Karatina, mwaka 1908. Ni akina nani waliokwenda kulala katika mabweni ya misheni na kujifunza kusoma? Hawakuwa wazee wa baraza. Walikuwa wavulana na wasichana, walioitwa athomi, yaani wasomaji. Wazee wengi wa siku hizo hawakupendezwa nao. Mzee aliyemwona mwanawe akikataa kushiriki sadaka chini ya mti wa mugumo alimhesabu kuwa kijana aliyepotoka, aliyelewa mambo ya kigeni. Maneno yale yale tunayowaambia vijana wetu leo kuhusu simu na miziki yao ndiyo waliyoambiwa mababu wa wazee wetu wa kanisa kuhusu kalamu na kitabu.

Historia hiyo hiyo inatuonyesha kinachotokea viongozi wanapoamrisha bila ya kusikiliza. Mwaka 1929 baadhi ya misheni za Kiprotestanti ziliwataka waumini na walimu wao watie alama ya kidole gumba, kirore, kuthibitisha kwamba wameiacha tohara ya wasichana. Kuhusu tohara yenyewe, hapana mjadala tena: ina madhara, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeiharamisha. Lakini jambo lile liliendeshwa kwa amri, si kwa mazungumzo. Vijana waliimba Muthirigu, wimbo wa kuwakejeli wamisionari na machifu, hata serikali ikaupiga marufuku mwaka 1930. Maelfu ya watu walijitenga, wakajenga shule huru na makanisa huru. Kanisa la AIPCA, lenye waumini wengi katika nchi hii ya mlima mpaka leo, ni tunda la mfarakano huo. Waliotoka hawakuwa wamekosa imani, kwani waliendelea kusali na kubatiza. Walichokosa ndani ya nyumba ile ni sauti.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba historia yetu ni ya mifarakano tu. Pana mifano ya watu na vikundi vilivyounganisha vizazi, na mfano ulio karibu nasi ni wa Sista Irene Stefani. Mwitalia huyu alifika Kenya mwaka 1915, akahudumu Gikondi, upande wa Mukurweini, tangu mwaka 1920 hadi alipofariki tarehe 31 Oktoba 1930 kwa ugonjwa alioambukizwa alipokuwa akimuuguza mgonjwa. Watu walimwita Nyaatha kwa ajili ya huruma yake, na tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa kuwa Mwenye Heri hapa Nyeri mbele ya umati mkubwa. Wengi tunamkumbuka kwa uuguzi na ualimu. Lakini alikuwa pia mwandishi wa barua. Wazazi wasiojua kusoma, ambao watoto wao walikuwa wamekwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, walimwendea awaandikie barua, na majibu yalipofika akawasomea. Kwa njia hiyo alishika ncha mbili za kamba iliyokuwa karibu kukatika, mzazi upande mmoja na mwana upande wa pili.

Mfano wa pili ni uamsho wa walokole, ulioanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kuingia Kenya kuanzia mwaka 1937. Mtu anaweza kukubaliana nao au asikubaliane nao katika mafundisho. Ila katika mikutano yao msichana wa miaka kumi na minane aliweza kusimama mbele ya wazee wenye mvi, akashuhudia, naye mzee akasimama mbele ya msichana akayaungama makosa yake. Wote waliitana ndugu. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wengi wao walikataa kula viapo vya Mau Mau, na wapo waliokataa vilevile kubeba bunduki za serikali. Wengine waliuawa. Sidhani kwamba watu wangeweza kusimama imara hivyo, wakiwa katikati ya moto wa pande mbili, lau kila rika lingekuwa likisali katika chumba chake.

Mfano wa tatu tunao mpaka sasa. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi wakasisitiza ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Jumuiya haiulizi umri wala jinsia. Inauliza unaishi wapi. Majirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, wakasoma Neno na kuulizana hali. Makanisa mengine nayo yana utaratibu wa kukutana nyumbani kwa mitaa. Katika mpango kama huu, kiti cha cucu na kigoda cha mjukuu huwekwa sebule moja. Lakini hudhuria mikutano hiyo leo, utawaona akina mama na wazee wachache. Saa iliyopangwa ni ile ambayo kijana yuko kibaruani au shuleni. Lugha ni ya mafumbo asiyoyaelewa. Na akija, huombwa asome somo na kupanga viti, basi. Chombo tunacho, ila tumekiegesha ukutani.

Sasa tuyatazame mambo ya miaka ya karibuni, maana ndiyo yaliyonisukuma kushika kalamu. Korona ilipoingia nchini, makanisa yalifungwa mwezi Machi 2020. Yaliporuhusiwa kufunguliwa mwezi Julai mwaka huo, kanuni za kwanza zilitaka ibada isizidi saa moja na watu mia moja, na kwamba wenye umri wa chini ya miaka 13 na wale wa zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Kwa ghafla wazee wengi wa kanisa walijikuta nje ya lango. Ni nani waliopima watu joto mlangoni, wakaandika majina, wakaongoza nyimbo, wakarusha ibada kwa simu ili wazee waifuate majumbani, wakaeleza jinsi ya kutuma sadaka kwa M-Pesa? Katika makusanyiko mengi walikuwa ni vijana. Kanuni zilipolegezwa na wazee wakarejea, kila kitu kilirudi kilipokuwa. Kijana aliyeliendesha kanisa kwa miezi kadhaa aliambiwa ahsante, akaachiwa kamera.

Kisha ukaja mwaka 2024. Mwezi Juni, vijana tunaowaita Gen Z walijaza barabara kutoka Nairobi hadi Nyeri wakiupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 23 Juni, Rais William Ruto aliwazungumzia katika ibada mjini Nyahururu, mwisho wa barabara hii hii inayopita Mweiga, akasema kwamba anajivunia vijana na kwamba yuko tayari kuzungumza nao. Siku mbili baadaye waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakapigwa risasi na kufa, na tarehe 26 Juni Rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Katika siku hizo hizo vijana waliyageukia makanisa. Waliuliza kwa nini wanasiasa wapewe madhabahu wazungumze, na kwa nini kanisa lipokee mamilioni ya harambee bila ya kuuliza yametoka wapi.

Msomaji, swali hilo halikuwa la utovu wa adabu. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alikuwa amekwisha kuwakataza wanasiasa kuhutubia katika makanisa yake mwaka 2021. Na mwezi Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu la Nairobi aliagiza mamilioni ya shilingi yaliyotolewa na Rais katika kanisa moja jijini yarudishwe. Ina maana kwamba vijana na maaskofu walikuwa wakisema neno moja. Kwa nini, basi, vijana walilisema kwa kupiga kelele langoni, na hawakulisema katika kikao cha kanisa lao la nyumbani? Jibu langu ni kwamba katika kikao hicho hawakuwa na kiti. Aliyekosa kiti ndani husemea nje, na anayesemea nje hana budi kupaza sauti.

Mwezi Septemba mwaka huo huo tulipatwa na msiba ambao Kieni haitausahau. Usiku wa tarehe 5, moto uliteketeza bweni la shule ya Hillside Endarasha, na watoto 21 wakapoteza maisha. Ibada ya pamoja ya kuwaombea ilifanyika hapa Mweiga. Siku ile hapakuwa na ibada ya vijana wala ya wazee. Wakongwe, wazazi, walimu, wanafunzi na watoto, wa madhehebu mbalimbali, walilia chini ya anga moja. Sitaki kuyageuza machozi ya wazazi wale kuwa hoja ya gazetini. Nauliza tu swali ambalo limenikaa moyoni tangu wakati huo: je, ni lazima tungoje matanga ndipo vizazi vyote viketi pamoja? Mtoto aliyenusurika msiba kama ule anahitaji zaidi ya mshauri mmoja wa shule. Anamhitaji guka aliyepita katika vijiji vya Hali ya Hatari na kuona wenziwe wakifa, ambaye anaweza kumwambia kwa sauti ya utulivu kwamba mtu huishi hata baada ya hayo. Kijana asiyemjua guka yeyote kanisani atayasikia wapi maneno hayo?

Nimezungumza na pande zote mbili, na kila upande una hoja yake. Wazee husema kwamba kijana leo yuko hapa na kesho yuko Ruiru akitafuta kazi. Kwamba anakitaka kipaza sauti lakini hautaki ufagio. Na kwamba wao ndio waliochanga fedha za maziwa, viazi na kabichi hadi ukuta wa kanisa ukasimama. Ni kweli. Vijana husema kwamba wameitwa viongozi wa kesho tangu walipobatizwa na kesho yenyewe haijafika. Kwamba mzee mmoja hushika cheo kimoja miaka ishirini. Na kwamba wanapotoa wazo huulizwa wametoa sadaka kiasi gani. Hilo pia ni kweli.

Kwa wazee wangu nina neno moja la adabu. Mashamba mengi ya Kieni yalikuwa ya walowezi kabla ya Uhuru wa mwaka 1963. Mlihamia hapa kutoka Tetu, Mathira, Othaya na Mukurweini mkiwa wageni ninyi kwa ninyi, na kanisa likawa mojawapo ya mahali pa kwanza mlipofanywa majirani. Mlikuwa na umri gani mlipochimba misingi yale? Wengi wenu mlikuwa na miaka ishirini na kitu, au thelathini, na watoto wachanga mgongoni. Hakuna aliyewaambia mngoje mvi. Iweje mjukuu wenu mwenye umri ule ule aitwe mtoto? Katiba ya mwaka 2010 inamhesabu kijana kuwa mwenye miaka 18 hadi kabla ya kutimiza 35, na katika kifungu cha 55 inaitaka serikali imwezeshe kuwakilishwa na kushiriki. Kifungu cha 57 kinawapa wazee nao haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Itakuwa aibu iwapo kanisa litakuwa nyuma ya serikali katika kuheshimiana.

Kwa vijana nina neno pia. Ituika haikuwa mapinduzi. Waliopokea walitoa kwanza, na walijifunza kwanza. Kijana anayetaka kuwa mweka hazina na awe amewahi kuhesabu sadaka mpaka jioni. Anayetaka kuhubiri na awe amewahi kumtembelea mgonjwa. Nawe mwanafunzi unayeongoza Umoja wa Wakristo shuleni, unayesimama mbele ya wenzako mia sita bila ya kutetemeka, usirudi nyumbani likizoni ukajificha kwenye benchi la nyuma na simu yako, ukilalamika kwamba hukuitwa. Mwendee mzee wa mtaa wenu, umsalimie, umwambie uko nyumbani kwa wiki tatu na unaomba kazi. Ni wachache watakaokufukuza.

Yafaa sasa nitaje mambo ambayo kusanyiko lolote laweza kuyaanza bila ya kungoja waraka kutoka makao makuu.

Kwanza, kila mwenye cheo awe na msaidizi wa chini ya miaka 35, akae naye mwaka mzima katika vikao vyote, hata vile vya fedha. Mwaka wa pili msaidizi ashike kazi na mwenye cheo awe mshauri wake. Hii ndiyo ituika kwa kipimo cha kanisa dogo. Mzee hafukuzwi, bali anapandishwa kutoka kwenye utendaji hadi kwenye ushauri, na kijana hapewi kazi asiyoijua.

Pili, angalau Jumapili moja kwa mwezi iwe na ibada moja tu, na familia ziketi pamoja. Lugha zichanganywe: somo kwa Kigikuyu, wimbo kwa Kiswahili, na mahubiri yafasiriwe. Agano Jipya la Kigikuyu lilitoka mwaka 1926 na Biblia nzima mwaka 1951. Kijana wa Mweiga asiyeweza kuisoma Biblia hiyo amepokonywa urithi, na cucu asiyeelewa wimbo wa mjukuu wake amefungiwa mlango. Kwa Wakatoliki pana nafasi nyingine iliyo wazi. Papa Fransisko alianzisha mwaka 2021 siku ya kuwakumbuka mababu na wazee, Jumapili ya nne ya mwezi Julai. Siku hiyo isiishie kwa kuwagawia wazee sukari na blanketi. Iwe siku ya wao kusimama na kusimulia.

Tatu, baada ya ibada iwepo saa moja ya kusomeana. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, kila Mkenya alitakiwa kujisajili. Nimewaona wakongwe wakizungushwa na watu wa vibanda na kutozwa fedha kwa kazi ambayo kijana huimaliza kwa dakika kumi. Simu ndiyo barua ya siku hizi, na cucu wengi hawaijui kuisoma. Kijana akae naye kwenye benchi, amsomee ujumbe wa hospitali na ule wa fedha za Inua Jamii, amfundishe kutompa mtu nambari yake ya siri. Mkongwe akisema, "Mjukuu wangu, hebu niangalizie hii," na kijana akajibu, "Lete nikuonyeshe, cucu," urafiki umekwisha kuanza bila ya semina yoyote. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Nyaatha pale Gikondi, ila chombo kimebadilika.

Nne, na hili nawaelekezea walimu wenzangu. Katika mtaala mpya, mafunzo ya huduma kwa jamii ni ya lazima kwa wanafunzi wa sekondari ya juu. Tusiyageuze kuwa siku ya kuokota takataka tu. Mwanafunzi atumwe kwa mzee mmoja wa kanisa lake au wa mtaa wake, amhoji, aandike kwa Kiswahili safi jinsi kusanyiko lao lilivyoanza, nani alitoa kiwanja, watu walisali wapi kabla ya mabati. Maandishi hayo yawekwe katika maktaba ya shule na katika kabati la kanisa. Waliokuwa na miaka ishirini Uhuru ulipopatikana wamekwisha kupita themanini. Kila tunapomzika mmoja wao kabla ya kuandika, tunazika maktaba.

Tano, mikutano ya jumuiya na ya mitaa ipangwe saa ambazo mwanafunzi na kibarua wanaweza kufika, na kila mkutano wa tatu uongozwe na kijana kuanzia sala ya kwanza hadi ya mwisho, matangazo na michango ikiwemo. Akikosea, arekebishwe palepale kwa upole, kama mtoto anavyorekebishwa mezani.

Sidai kwamba mambo haya matano yataondoa ulevi vibandani, au ukosefu wa kazi, au mvuto wa wahubiri wa simuni. Lakini yatampa kijana mmoja mzee mmoja anayemjua kwa jina, na mzee mmoja kijana mmoja wa kumtuma. Wagikuyu waliliona jambo hili zamani, ndiyo maana mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Wasichana nao huwarithi nyanya zao vivyo hivyo. Mtoto huyo hulibeba jina la mzee kila siku ya maisha yake. Kanisa linalombatiza kwa jina hilo, kisha likamwekea mwenye jina ibada yake na mrithi wa jina ibada nyingine, halijamaliza kazi iliyoanzwa kisimani.

Waliotutangulia walisema pia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sitawasifu wazee kupita kiasi, wala vijana. Nitasema tu kwamba vikao vya mwaka vinakuja, na viti vitajazwa. Ewe mwenye kiti, msogezee kijana mmoja kigoda kando yako. Nawe kijana uliyesogezewa, keti, nyamaza kidogo, usikilize, kisha useme. Neno lisiharibike.